Shamba Juu, Gesi Chini: Habari za Wakulima wa Pennsylvania

Kwetu Kongo, mtu akisema "shamba langu", anataja mihogo yake, migomba yake, na miti aliyopanda babu yake mpakani. Vitu vilivyo chini kabisa, mbali na mizizi, havimo katika neno hilo. Vitu hivyo ni vya Serikali. Wakati wa Wabelgiji makampuni makubwa yalipewa ruhusa ya kuchimba bila kumwuliza mwenye mihogo. Na baada ya uhuru, sheria ya Bakajika, ya tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 1966, ilirudisha mikononi mwa Serikali haki zote za ardhi, za misitu na za madini. Desturi hii si ya Afrika peke yake. Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi zilifuata sheria ya Napoleon ya mwaka 1810, inayosema kwamba mgodi hauchimbwi ila kwa ruhusa ya Serikali, hata kama shamba la juu lina mwenyewe.

Iko nchi moja kubwa iliyoshika njia nyingine, nayo ni Marekani. Watu wake walirithi desturi ya Waingereza: mwenye ardhi ni mwenye vyote, tangu majani ya juu hadi kilindi. Waingereza walimwachia mfalme dhahabu na feza tu. Kwa hiyo mkulima wa Marekani aweza kuuza shamba na kubaki na makaa ya mawe yaliyo chini. Aweza pia kuuza makaa na kubaki na shamba. Au kumpa mtu mmoja makaa, mwingine mafuta, na wa tatu gesi, naye mwenyewe akaendelea kulisha ng'ombe wake juu ya wote watatu. Kila mmoja ana hati yake, na hati zote zinaandikwa katika buku la wilaya. Msomaji aweza kuona mara moja kwamba desturi hii ilitajirisha watu wengi, na kwamba mawakili hawakukosa kazi.

Tutazame jimbo moja, Pennsylvania, upande wa mashariki, katika milima ya Appalachia. Ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, ya misitu na ya miji midogo yenye kanisa katikati. Huko, tarehe 27 mwezi wa 8 mwaka 1859, karibu na mji wa Titusville, Edwin Drake alipata mafuta katika kisima cha mita 21 tu. Gesi yenyewe ilikuwa imejulikana mapema zaidi: mwaka 1825, huko Fredonia katika jimbo jirani la New York, fundi wa bunduki aliyeitwa William Hart alichimba kisima cha mita 8 hivi mahali ilipokuwa ikibubujika, na watu wakawasha taa kwayo. Lakini kisima cha Drake ndicho kilichowatia watu wazimu. Walikimbilia mashamba ya bondeni, kila mmoja na feza mkononi, wakitaka kununua. Wakulima wenye akili hawakuuza. Walikodisha. Walisema: Chimba, na kila mapipa 8 utakayotoa, pipa moja ni langu. Hesabu hiyo ya moja katika nane ikawa desturi, na mpaka leo haijafa.

Ikazuka shida ambayo makaa hayakuwa nayo. Makaa yanakaa mahali pake kama jiwe. Mafuta na gesi hutembea. Nikitoboa kisima karibu na mpaka wako, gesi yako yaweza kuja kwangu. Je, nimeiba? Mwaka 1889 mahakimu wakuu wa Pennsylvania walijibu kwa mfano ambao wawindaji wetu wangeuelewa pasipo mkalimani: gesi ni kama mnyama wa porini. Akiwa katika shamba lako, ni wako. Akivuka kwenda kwa jirani, amekutoka. Hukumu hiyo ilikuwa na akili, lakini matunda yake yalikuwa mabaya. Kila mtu alifanya haraka kuchimba kabla ya jirani, na visima vikasongamana kama miti.

Hukumu nyingine ilikuwa imetangulia, mwaka 1882. Mtu aliuza ardhi, akaandika katika hati kwamba anajiwekea "madini yote". Baadaye mafuta yakaonekana. Yalikuwa ya nani? Mahakimu walisema: neno lazima lifuate maana ambayo watu wa kawaida wanaipa, nao watu wa kawaida wakisikia "madini" hawafikiri mafuta, wanafikiri kitu kama chuma. Kwa hiyo mafuta yalikuwa ya mnunuzi. Mwaka 1960 mahakimu walisema vilevile juu ya gesi. Ni ajabu kuona neno moja la mwandishi wa hati, aliyekuwa na haraka labda, likitawala mali ya watu wasiozaliwa bado. Katika wilaya ya Susquehanna ilikuwako hati ya mwaka 1881 juu ya eka 244 (eka moja ni kama sehemu 4 katika 10 za hektari). Mwuzaji alijiwekea nusu ya "madini na mafuta ya petroli", asitaje gesi. Miaka zaidi ya 120 ikapita. Waliokuwa na shamba hilo walifikiri gesi yote ni yao; warithi wa mwuzaji wakaja na kusema nusu ni yao, maana gesi hii imo ndani ya jiwe, na jiwe ni madini. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 2013 baraza kuu la jimbo lilikataa maneno yao na kushika mfano wa mwaka 1882. Neno "gesi" halikuandikwa. Basi gesi haikuwekwa.

Kwa nini hati ya mwaka 1881 ilitafutwa tena? Kwa sababu ya jiwe hilo lenyewe. Chini ya sehemu kubwa ya Pennsylvania, mara nyingi kwa kina cha zaidi ya kilometa moja na nusu, kuna mwamba mweusi, udongo wa zamani sana uliogeuka kuwa jiwe lenye tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu. Wataalamu wanauita Marcellus, jina la kijiji cha New York ambako unaonekana juu ya nchi. Tangu mwaka 1839 jina hilo limo vitabuni. Walijua kwamba umejaa gesi, lakini gesi ilifungwa ndani, haitoki. Mwaka 2004 kampuni moja ilijaribu katika wilaya ya Washington, kusini-magharibi mwa jimbo, kuusukumia mwamba huo maji mengi na mchanga kwa nguvu kubwa mpaka upasuke. Gesi ikatoka. Baadaye walijifunza kushusha bomba kwenda chini, halafu kulipindisha likapita ndani ya mwamba kwa ubavu, kilometa moja au mbili. Mwezi wa kwanza mwaka 2008 wataalamu wawili, Terry Engelder na Gary Lash, walitangaza hesabu yao: gesi inayoweza kutolewa huko ni nyingi kiasi cha kutosha Marekani nzima miaka miwili au zaidi. Watu wakasikia.

Lakini wenye makampuni walikuwa wamejua mapema kuliko wakulima. Hapo ndipo palipo na uchungu. Mawakala wao walipita nyumba kwa nyumba na makaratasi tayari. Walikuta watu wenye madeni, kwa maana bei ya maziwa ilikuwa chini na vijana walikuwa wakihamia mijini. Walikaa nao mezani jikoni, wakanywa kahawa, wakasema kwamba huenda hakutakuwa na kisima hata kimoja, ila feza ya kutia mkono italipwa vyovyote. Watu wa mwanzo, upande wa kaskazini-mashariki, walipewa dola 25 kwa eka. Mwenye eka 100 alipata dola 2,500, akatengeneza paa la zizi lake. Muda mfupi baadaye, mwaka 2008, jirani aliyekawia kutia sahihi alipata dola 2,000 na zaidi kwa kila eka, yaani dola 200,000 kwa shamba la ukubwa uleule. Hakuna aliyevunja sheria. Wa kwanza hakudanganywa kwa uwongo mtupu. Hakuambiwa tu kile ambacho mwenzake mezani alikijua.

Yafaa kueleza kidogo mkataba wenyewe, kwa maana wengi huchanganya kukodisha na kuuza. Aliyeuza haki ya gesi amemaliza. Akipewa feza, yeye na watoto wake hawana neno tena. Aliyekodisha hupewa kwanza feza ya kutia mkono. Tena gesi ikitoka hupewa fungu lake. Na kampuni isipochimba kwa muda uliotajwa, mara nyingi miaka 5, haki inamrudia. Mambo hayo ni mepesi. Ugumu ulikuwa katika maneno madogo yaliyofuata. Mkataba ulisema: miaka 5, "na baada yake muda wote gesi itakapotoka". Maana yake kisima kimoja pembeni mwa shamba chaweza kushika shamba zima miaka 30, kwa bei ya siku ile ya kwanza. Tena makampuni yaliunganisha mashamba mengi kuwa eneo moja, na fungu la kila mkulima likahesabiwa kwa ukubwa wa shamba lake ndani ya eneo hilo.

Tuchukue mfano. Eneo ni eka 640, na shamba la mkulima ni eka 64, yaani sehemu moja katika kumi. Tuseme gesi ya mwezi mmoja imeuzwa dola milioni moja. Sehemu ya shamba lake ni dola 100,000; fungu lake, moja katika nane, ni dola 12,500. Si haba. Lakini barua ilipofika ilionyesha dola 7,500. Kwa nini? Kampuni ilitoa kwanza gharama za kukausha gesi, kuikandamiza na kuisafirisha bombani, tuseme dola 400,000, halafu ikagawanya dola 600,000 zilizobaki.

Wakulima waliposhitaki, walishika sheria ya jimbo ya mwaka 1979. Sheria hiyo ilikuwa imetungwa kuwalinda: mkataba wowote wa gesi au mafuta ambao fungu lake ni chini ya moja katika nane hauna nguvu. Walisema, ukitoa gharama kwanza, tunapata pungufu ya moja katika nane, basi mkataba umekufa. Mwezi wa 3 mwaka 2010 baraza kuu la jimbo liliamua kinyume chao. Sheria ilisema moja katika nane, haikueleza ni moja katika nane ya bei gani. Na bei inayofaa, walisema mahakimu, ni thamani ya gesi pale mdomoni pa kisima, kabla ya kazi zile nyingine. Mwaka 2015 mkuu wa mashitaka wa jimbo alijaribu njia ya pili, akitumia sheria inayolinda watu dhidi ya hila za biashara. Mwaka 2021 baraza likajibu kwamba sheria hiyo inamlinda mnunuzi asionewe na mwuzaji, lakini katika mikataba hii mkulima ndiye mwuzaji na kampuni ndiyo mnunuzi. Mimi naona hukumu hiyo ni sahihi kwa herufi. Lakini ni vigumu kumweleza mzee mwenye ng'ombe 40 kwamba mbele ya sheria yeye ndiye mfanya biashara aliye juu.

Si wote walioshindwa. Baada ya mwaka 2008 wakulima wengi walianza kukutana, katika kumbi za shule na za makanisa, wakaunganisha mashamba yao, maelfu ya eka kwa pamoja, wakaweka wakili mmoja. Kampuni iliyotaka kuingia ilibidi kuzungumza na wote. Vikundi kadhaa vilipata zaidi ya dola 5,000 kwa eka, na fungu la moja katika tano mahali pa moja katika nane. Wengine waliandikisha wazi kwamba gharama zisitolewe, na kwamba visima vyao vya maji vipimwe kabla ya kazi kuanza. Mambo yaleyale ambayo wakala alikuwa amemwambia mkulima mmoja mmoja kwamba hayawezekani, yaliwezekana kwa watu 500.

Halafu bei ikaanguka. Katikati ya mwaka 2008 gesi ya Marekani ilifika dola 13 kwa kipimo cha biashara. Mwezi wa 4 mwaka 2012 ilikuwa chini ya dola 2, kwa sababu gesi ya Marcellus na ya miamba mingine ilikuwa imejaa sokoni. Waliongoja bei nzuri zaidi walichelewa. Waliokuwa wamekopa kwa kutegemea fungu la kila mwezi waliona fungu likipungua, tena kisima cha namna hii hutoa gesi nyingi mwaka wa kwanza, kisha hupunguka upesi.

Juu ya maji nitasema machache. Katika kijiji cha Dimock, wilaya ya Susquehanna, tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2009, kisima cha maji cha nyumba moja kililipuka, kifuniko chake cha saruji kikatupwa. Gesi ilikuwa imepanda ikaingia katika maji ya kunywa ya jamaa kadhaa. Waliotia sahihi na wasiotia sahihi walipata maji mabaya pamoja. Mashitaka ya jinai yaliletwa mwaka 2020, na mwezi wa 11 mwaka 2022 kampuni iliyohusika haikubishana na shitaka, ikakubali kutoa zaidi ya dola milioni 16 kwa kujenga mfereji wa maji safi. Jimbo la New York, lenye mwamba uleule, lilikuwa limetangaza mwaka 2014 kwamba halitaruhusu kupasua mwamba kwa maji mengi namna hii. Wakulima wake wa mpakani waliona ng'ambo ya mstari jirani akijenga nyumba mpya, wao wakibaki na deni na maji mazuri. Wako waliofurahi, na wako wasiosamehe.

Wasomaji wa Goma na Bukavu wataniuliza: Na gesi ya ziwa letu? Ziwa Kivu lina metani kama meta za ujazo bilioni 60, ambayo Kongo na Rwanda zilipatana mwaka 1975 kuitumia kwa pamoja. Tangu mwaka 1963 kiasi kidogo kilitolewa upande wa Gisenyi kwa kiwanda cha bia, na mwaka 2016 Rwanda ilifungua mtambo wa umeme wa megawati 26. Mwaka 2022 Serikali ya Kongo ilitangaza kugawa maeneo matatu ya gesi upande wake. Hakuna wakala atakayekaa jikoni kwa mvuvi wa Idjwi na kumwomba sahihi, maana kwa sheria ya mwaka 2015 mafuta na gesi zote ni za Serikali. Mapatano yanafanyika Kinshasa. Mvuvi haogopi kudanganywa kwa dola 25 kwa eka. Shida yake ni kwamba hakuna karatasi inayoandikwa jina lake.

Kuna watu wa Marekani walioshika njia ya tatu, nao wastahili kukumbukwa hapa, maana wengi wao ni Wakatoliki tangu Mapadri Wayezuiti walipoanza misioni kwao Kansas mwaka 1847. Ni kabila la Osage. Walipofukuzwa Kansas walinunua kwa feza yao wenyewe nchi yenye mawe huko Oklahoma, ambayo Wazungu hawakuitaka. Serikali ya Marekani ilipotaka kukata nchi hiyo mafungu, kila mtu na shamba lake, chifu wao James Bigheart alikawiza jambo miaka mingi. Mwishowe, katika sheria ya mwaka 1906, walikubali kugawa udongo wa juu. Lakini mafuta, gesi na vyote vya chini vilibaki mali ya kabila zima, visigawanywe. Watu 2,229 waliandikwa, na kila mmoja akapata fungu moja sawa la feza itokayo chini. Kabila lilikodisha tu. Halikuuza.

Mwaka 1923 peke yake feza hiyo ilifika kama dola milioni 30. Na kwa kuwa fungu halikuweza kununuliwa kwa urahisi, bali liliweza kurithiwa, wako Wazungu waliooa wanawake wa Osage na kungoja wafe, au hawakungoja. Watu zaidi ya 20 waliuawa kwa bunduki, kwa sumu na kwa baruti, wengi wao kati ya mwaka 1921 na 1925. William Hale, mfugaji tajiri aliyejiita rafiki wa kabila, alihukumiwa mwaka 1929 kufungwa maisha. Mwaka 1925 sheria mpya ilikataza mtu asiye Osage kurithi fungu la Osage mwenye nusu ya damu au zaidi.

Tena yalikuwako mashitaka marefu juu ya namna Serikali ya Marekani ilivyosimamia feza hiyo, yaliyokwisha mwaka 2011 kwa malipo ya dola milioni 380 kwa kabila. Mafungu ni yaleyale 2,229, ingawa mengi yamekatwa vipande kwa watoto na wajukuu. Kila miezi mitatu hulipwa kadiri mafuta na gesi yalivyouzwa. Kama robo ya mafungu imo mikononi mwa watu na vyama visivyo vya Osage, pamoja na vyuo na makanisa kadhaa yaliyopewa zamani kwa wasia, na wakubwa wa kabila wamekuwa wakiomba yarudishwe.